Chura wa Karatasi ya Kaki

Kila ninapoyawekea kava madaftari ya mwanangu, harufu ya karatasi ya kaki hunirudisha darasani, katika shule ya msingi mtaa wa Daraja Mbili, mjini. Nilikuwa nimetoka mlimani kwa bibi, Kimeru tele, Kiswahili cha kuokoteza. Nikifungua mdomo darasa zima linacheka, kwa hiyo nikaamua kunyamaza.

Siku moja mvua ilituzuia kutoka mapumziko. Nikachukua kipande cha kaki, nikakikunja kiwe chura kama kaka yangu alivyonifundisha, nikaisugua mikunjo kwa kucha mpaka ikakaa. Nilipombonyeza mgongoni, chura akaruka hadi dawati la mbele.

"Nani katengeneza hiki?" mwalimu akauliza.

Nikajua nachapwa. "Mimi, mwalimu."

"Basi njoo mbele utufundishe."

Nikaenda na kipande kingine cha kaki. "Kunja hapa," nikasema. "Geuza. Kunja tena." Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wameinamia karatasi zao, hata yule msichana aliyezoea kuniigiza ninavyoongea. Ndiye aliyenyoosha mkono.

"Subiri kidogo, mimi nimeachwa."

Nikamsubiri, nimesimama wima mbele ya ubao, darasa zima likingoja niseme tena.