Kucha Chini ya Kitambaa Chekundu

Mwaka 2022, mvua za Machi zilipoanza, nilikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa, mjane wa miaka sita na mwanafunzi wa miezi miwili. Darasa letu la watu wazima, la kusoma na kuandika, lilikuwa mtaa wa Bugolobi. Nilikuwa nikishuka kwa miguu kutoka nyumbani Mbuya, daftari langu ndani ya mfuko wa plastiki lisilowe.

Jumatatu tarehe 14, mwalimu alibandika ukutani picha za wanyama wa mbugani. Alianza na duma: madoa mazima, kama ya kidole kilichochovywa katika wino, na mistari miwili myeusi ishukayo kutoka machoni hadi mdomoni. Kisha chui. Madoa yake, alisema, ni kama maua yaliyovunjika, na katikati ya kila ua rangi imekolea kuliko nje. Huishi peke yake. Huvizia tumbo likigusa majani, na mawindo yake huyapandisha mtini.

"Na kucha zake huzificha," akasema. "Zimo ndani ya ala, kama kisu."

Hapo majivuno yakanishinda. Niliinua mkono nikasema kwamba nyumbani, sandukuni, ninayo ngozi ya namna hiyo, lakini ya bandia, ya ndama aliyepakwa rangi. Marehemu mume wangu, aliyekuwa mwanajeshi, aliileta kutoka kaskazini tarehe 2 Agosti 1998. Ningeileta Jumatatu ijayo.

"Nnyabo ana chui sandukuni!" akacheka mwenzangu wa dawati, mke wa askari polisi, aliyezoea kuniita hivyo, yaani mama, kwa Kiganda. "Nitamwambia mzee wangu aje na pingu!"

Darasa zima likacheka, nami nikacheka.

Kesho yake, saa sita mchana, niliitoa ngozi sandukuni niikung'ute vumbi karibu na dirisha. Mume wangu ndiye aliyeniambia ni ndama, na sikuwahi kuwa na sababu ya kumwuliza mara ya pili. Sasa nilitafuta maua mawili yanayofanana, kwa kuwa mtu apakaye rangi hurudia umbo lile lile. Sikuyapata. Nilipanua manyoya: weusi ulianzia kwenye shina. Miguu ilikuwa imekunjwa na kushonewa chini ya kitambaa chekundu cha bitana. Nikafumua uzi kwa wembe, nikapenyeza kidole nikitarajia kugusa kwato.

Kitu kikanichoma. Niliutoa mkono una damu.

Niliketi sakafuni, mlango nimeukomea. Redioni nilikuwa nimesikia zaidi ya mara moja habari za watu waliofungwa kwa ngozi kama ile. Niliogopa gereza, na zaidi ya gereza niliogopa jina la mume wangu kusomwa pamoja na ya majangili. Kuichoma sikuweza: manyoya hunuka, na mimi na majirani zangu tumetenganishwa na ukuta mmoja tu. Tena darasa zima lilikuwa limenisikia.

Mwalimu alikuwa ametuambia kwamba swala hatulii anapokula. Hutafuna, huinua kichwa, hutafuna. Juma lile ndivyo nilivyokula. Kila pikipiki iliposimama nje, nilishusha kijiko.

Jumatatu tarehe 21 nilikwenda mikono mitupu.

"Chui wako yuko wapi, Mama?" mwenzangu akauliza. "Panya wamemla?"

"Nimesahau."

"Wewe? Wewe unayekumbuka hata siku jirani alipokopa chumvi?" Kisha akakiona kidole changu kilichofungwa kitambaa, na kicheko kikamkauka. Masomo yalipokwisha alinishika mkono mlangoni. "Mama, mzee wangu hajui kitu. Lakini kama ile kitu iko kweli, peleka wewe mwenyewe. Usingoje wakuje."

Alhamisi tarehe 24 niliifunga ndani ya shuka, naye akanisindikiza hadi ofisi ya wanyamapori. Nilimweleza afisa kwamba iliachwa na marehemu mume wangu. Aliitandaza mezani, akapima mkia, akafumua miguu iliyobaki, akahesabu.

"Kucha kumi na nane. Zote zipo. Mumeo aliipata wapi?"

"Aliniambia ni ya ndama."

"Na yeye mwenyewe aliamini hivyo?"

"Hilo silijui, bwana, wala siwezi kumsemea."

Aliandika, akaniambia nirudi nyumbani ningoje kuitwa. Nilingoja karibu majuma saba, na nguo zangu mbili safi zilikaa ndani ya mfuko kando ya mlango, kwa safari nisiyoitaka.

Waliniita Jumanne tarehe 10 Mei. Afisa alinisogezea karatasi. Niliisoma peke yangu, neno kwa neno, kidole kile kikitangulia: ngozi moja ya chui, imesalimishwa kwa hiari, hakuna mashtaka. Penye nafasi ya asili yake, palipoweza kuandikwa jina la mume wangu, paliandikwa: haijulikani.

Akanipa kalamu. Nikaishika, nikatazama juu ya karatasi.

"Bwana, umeandika tarehe tisa. Leo ni kumi."

Akaikata tisa, akaandika kumi. Ndipo nikatia saini.