Pikapu Iliyokosa Pumzi

Mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ya kawaida ni kutoka kwenye kiti cha barazani kwenda kwenye mtungi wa maji, na nikirudi napumzika. Kwa hiyo baba alipofariki na ile pikapu yake kuukuu ikaja kwangu, sikuiendesha sana. Niliitunza kama bibi harusi: niliiosha, nikapaka rangi palipokuwa na kutu, nikaziba kila tundu nililoliona. Niliamini tundu ni uchafu.

Haukupita muda ikaanza kusita. Haikuzima ghafla. Ilivuta, ikakosa, ikavuta tena, ikakosa zaidi, mpaka ikanyamaza. Ukikaa ndani yake robo saa bila kusema neno, ukiwasha inawaka kama haijawahi kuumwa. Fundi wangu wa hapa mjini Bariadi alibadilisha chujio la dizeli, akamwaga maji ya chini ya tangi, akatoa upepo kwenye mipira ya mafuta, kisha akakanyaga resi. Ikanguruma kama dume la ng'ombe.

"Gari zima hili, mzee," akasema. "Labda linakuogopa. Halijazoea kukuona nje."

Kulikuwa na jambo ambalo sikumwambia. Kule kuvuta na kule kukosa nilikujua. Baba alikata roho kwenye kiti cha abiria cha pikapu hiyohiyo, mimi nikiendesha, tukimpeleka hospitali, pale barabara ya kutoka kijijini kwetu Sapiwi inapovuka mto mkavu. Alivuta, akakosa, akavuta tena.

Mama amebaki Sapiwi. Macho yake yote mawili yalifunikwa na mtoto wa jicho, akawa anaona mwanga na vivuli tu. Tangu msiba alikataa kupelekwa popote. Njia ile, alisema, ilishamchukua mmoja. Safari hii madaktari wa macho walikuja Bariadi kwa siku chache, na siku mbili kabla hawajaondoka akanipigia simu.

"Njoo na gari la baba yako. Bodaboda sipandi. Likigoma njiani nitajua nimekatazwa, na usinisumbue tena mpaka nife."

Mke wangu alikuwa anasikiliza. "Kwa hiyo macho ya mama yako yamo mikononi mwa chuma chakavu na mikononi mwako," akasema. "Sijui niombee kipi kwanza."

Kesho yake nilikwenda kwa ujanja. Nilisimama mara mbili njiani, nikaipumzisha pikapu kabla haijaamua kusita. "Mwangaluka, mayu," nikamsalimia mama kwa Kisukuma, naye akaitika huku ameshavaa, kibegi mapajani. Lakini wakati wa kurudi ujanja wangu haukuwa na kazi. Kwa mama, kusimama ndiko kugoma.

Jua lilikuwa juu kabisa. Pamba ilishavunwa, masalia yamechomwa, ardhi imebaki wazi na nyeusi. Hapakuwa na mtu wala mbuzi. Kisulisuli kimoja cha vumbi kilisimama mbali shambani, kinazunguka palepale. Tuliposhuka mtoni, injini ikavuta, ikakosa.

"Ni nini hiyo?"

"Barabara mbaya, mayu."

Ikavuta tena. Kisha kimya.

"Tumefika wapi?"

"Tunakaribia mjini. Nyumba zinaonekana."

"Mwongo. Nimesikia mchanga chini ya magurudumu. Tuko mtoni."

Nilishuka, nikafungua boneti, nikaitazama injini kwa ukali, kana kwamba ingeona haya. Ndipo kitu kikagonga huku nyuma, mara moja, kwenye bati, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole. Niligeuka. Hapakuwa na mtu. Kikagonga tena, chini ya bodi, palipo na tangi.

"Anabisha," mama akasema dirishani.

"Ni bati linapoa, mayu."

"Linapoa saa sita mchana?"

 Nilitaka kiti changu cha barazani.

"Mfuniko wa tangi," akasema. "Tundu lake bado lipo?"

"Tundu gani?"

"La msumari. Alitoboa baba yako mwenyewe, mimi nimemshikia mfuniko. Alisema gari lisipopumua litakufa."

Nikalikumbuka. Nililiziba kwa gundi na kipande cha mpira wa baiskeli, nikajipongeza.

"Nililiziba, mayu. Vumbi."

 "Tumekusomesha mpaka kidato cha nne," akasema, "ukamziba mtu pumzi."

Hata mtoto anayechungulia dukani anajua kopo la maziwa hutobolewa matundu mawili, moja la kumimina na moja la kuingiza hewa. Mimi nilikuwa nimeacha moja. Nikaushika mfuniko, ulikuwa umenata, kama umeshikwa kwa ndani. Nikaukaza mkono, ukazunguka. Ikatoka sauti ndefu, hhhhh, ya mtu aliyebeba mzigo mbali sana na sasa ameutua. Mguu wangu mmoja ulisharudi nyuma bila kuniuliza.

"Pole, baba watoto," mama akasema.

Hakuwa anasema na mimi.

Niliona nimweleze ukweli, fizikia yangu ndogo isipotee bure. "Mayu, ni hewa tu. Wala haitoki. Inaingia."

Akafikiri.

"Basi mwache aingie."

Akajisogeza, akaacha nafasi mlangoni, akakaa katikati, goti lake likiegemea gia.

Nikafunika mdomo wa tangi kwa kitambaa chepesi, nikarudi kwenye usukani.  "Tuendelee, mayu, au nikurudishe nyumbani?"

"Unaniuliza mimi? Mwenye gari ameshapanda. Washa."

Ikawaka. Haikusita tena, si kwenye mchanga wala kwenye mwinuko. Kila nikibadilisha gia nilimwomba mama asogeze goti, naye akajibu kwamba hana pa kusogea. Sikutazama kile kiti cha mlangoni hadi tulipofika.

Hospitalini nilizunguka nikamfungulia. Hakushuka.

"Mpishe kwanza," akasema.

Nikaangalia kulia na kushoto kama kuna anayenijua, kisha nikasogea pembeni, nikapisha. Nilihesabu moyoni mpaka tano. Ndipo mama akashuka, akaupita mkono niliomnyooshea, akavuka uwanja moja kwa moja hadi benchi la wagonjwa wa macho, bila kuuliza liko upande gani, bila kujikwaa. Mimi nikafuata nyuma na kibegi.