Fundi wa Turubai na Chupa Kumi na Moja za Mafuta ya Zeituni

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Callistus Ejoku amepiga magoti juu ya trela mjini Malaba, anashona turubai lililopasuka. Anaharakisha. Jua likianza kuchoma, saa tatu hivi, atashuka.

Ejoku, 41, mzaliwa wa Amukura, ana ualbino. Kwa miaka kumi na minane ameshona maturubai ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda.

Mwaka jana kidonda kilitokea nyuma ya sikio lake la kulia. Sista Nerima, muuguzi wa kliniki ya ngozi, alimwambia huenda ni saratani, na huenda sehemu ya sikio ikakatwa. Alimtaka arudi kwa kipimo.

"Niliogopa," asema Ejoku. "Macho yangu ni ya miwani. Sikio likienda, miwani itakaa wapi? Na bila miwani hata sindano siioni."

Hakurudi. Rafiki yake Dancun, dereva wa lori, alikuwa amesikia redioni kwamba ndani ya mafuta ya zeituni kuna kitu kinachoua saratani. Akamletea chupa. Madereva wengine wakafuata, zikafika kumi na moja.

Alipaka asubuhi na jioni kwa miezi mitano. Gamba la kidonda likalainika, likadondoka. Akafikiri anapona, mpaka damu ilipoanza kutoka. Ndipo akarudi kliniki.

"Mafuta yalitoa gamba tu. Chini ugonjwa ulikuwa unaendelea," asema Sista Nerima. Anaeleza kwamba watafiti wanachunguza viambato vya mafuta hayo maabarani, na huenda siku moja dawa ikapatikana. "Lakini kwa binadamu bado haijathibitishwa. Nilimwambia, mzee, hayo yaliyobaki kaangia mboga."

Kipimo kilionyesha ni saratani. Upasuaji ni Jumanne.

Chini, kando ya trela, Dancun anaongea akitazama magurudumu. "Boss, ni mimi nilikuchelewesha."

"Wewe ulileta chenye ulijua," Ejoku anamjibu. "Kuogopa kulikuwa kwangu."

Anamaliza mshono, anashuka kivulini na kuvua miwani. Vikono viwili vya miwani hiyo amevishonea mkanda aliokata kwenye turubai kuukuu. Anaivaa tena, anavuta mkanda kisogoni, juu ya masikio, kisha anainama na kutikisa kichwa. Miwani haisogei.

"Wakate chenye watakata," asema. "Sista amesema nipumzike wiki sita. Ya saba, nitafute hapa."