Shairi Alilokunywa Bibi

Karatasi zilikuwa mbili katika pindo moja la leso yangu, na balaa lote lilianzia hapo. Moja ilikuwa kombe, aya alizoandika maalim kwa zafarani zioshwe kwa maji, bibi yangu anywe, maana homa ilikuwa imemlaza. Ya pili ilikuwa shairi langu. Nililiandika kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika watungaji wa kwetu Likoni, lakini kwa wino mweusi wa shule. Mama hakujua kusoma. Nilipotoka kuoga nikakuta pindo limefunguliwa, karatasi ya zafarani imo, na bibi anapangusa midomo: mama kamwoshea ile nyeusi.

Yarabi! Shairi lenyewe lilikuwa la kumcheka yeye. Nilisema malaika wa mauti alikuja kumchukua, akasikia anavyokoroma, akatoka mbio. Kombe la haki nikaliosha mwenyewe, nikamnywesha. Punde akaanza kutapika. Nikasema basi, nimemuua bibi yangu.

Nikamkimbilia mwalimu wa shule aliyekuwa akinifundisha utungaji. Kwake kila nilichoandika kilikuwa kizuri. Nilipomweleza, akacheka mpaka akavua miwani. "Kisa hicho! Kiandike upesi!"

Nikatoka nalia. Bibi anakufa, yeye aona kisa.

Mtaani Bofu palikuwa na mama mmoja mtungaji wa nyimbo za harusi. Ukimuudhi leo, harusi ijayo unaimbwa wewe. Sikuwahi kuthubutu kumpelekea hata ubeti mmoja, lakini siku ile sikuwa na pengine pa kwenda. Nilimkuta akipeta mchele.

"Shikamoo."

"Marahaba. Walia nini, mwanangu?"

Nikamweleza. Hakucheka. Akaweka ungo chini, akaniambia niliimbe. Nikaliimba.

"Huyu akoromaye ni kikongwe yeyote," akasema. "Bibi yako simuoni. Leso hiyo kakupa nani?"

"Bibi."

"Mbona humu shairini haimo?"

Nikajifuta machozi kwa pindo la leso.

"Waogopa?"

"Naogopa, wallahi. Akifa je?"

"Rudi ukakae naye. Mshike mkono. Kisha kesho njoo, na hofu yako uje nayo."

Kesho yake, Ijumaa, homa ikashuka, bibi akadai tambuu yake ya kutafuna. Mama alifurahi, akapiga na kigelegele. "Hebu rudi kwa maalim," akaniambia, "umwombe jingine kama lile jeusi. Lile ndilo lililomponya."

Kwa maalim sikwenda. Nilikimbilia Bofu, nikamwambia yule mama neno kwa neno. Akanisogezea karatasi na kidau cha wino.

"Kombe kalitake kwa maalim," akasema. "Hapa kwangu utaandika shairi. Lakini liandike kana kwamba bibi yako atalinywa."