Kiwanja Alichofyeka Baba

Baba yangu alifanya kazi kwenye kiwanja cha ndege cha Sumbawanga tangu sijazaliwa. Hakuwa rubani wala karani. Alifyeka nyasi, akafukia mashimo ya mvua, na ndege ikikaribia alifukuza ng'ombe. Ukimwuliza kazi yake, alikujibu, "Nashusha ndege."

Ukaja wakati wa soko huria. Redio ilisema watumishi wamezidi, wapunguzwe. Kwetu akapunguzwa baba. Barua ilisema nafasi yake haina tija. Aliisoma mara mbili, akaniuliza mimi binti yake niliyefika kidato cha nne, "Tija ndiyo nini?"



Masika ya mwaka mmoja tu yalitosha. Nyasi zilifika kiunoni, wafugaji wakaingiza mifugo. Siwalaumu. Nani alibaki pale wa kuwaambia si malisho?

Mwaka uliofuata dada yangu alishikwa na uchungu, mtoto akakwama. Daktari wa upasuaji alikuwa safarini, kwa hiyo hospitali ikaita kwa redio ndege ndogo ya wagonjwa kutoka Mbeya. Tukampeleka dada kiwanjani, nimempakata kichwa.

Ndege ilizunguka mara ya kwanza. Mara ya pili ikashuka hadi nikauona uso wa rubani. Baba alikuwa anakimbia na fimbo katikati ya nyasi, anapiga kelele, ng'ombe wanatawanyika na kurudi. Mara ya tatu ndege ikapanda juu, ikaondoka zake.

Tulikwenda Mbeya kwa lori, kwenye matope. Dada alipona. Mwanawe, wa kike, tulimzika hukohuko.

Tuliporudi, baba alichukua panga akaanza kufyeka, peke yake, bila kutumwa. Alipokaribia kumaliza, mkubwa mmoja wa viwanja vya ndege akatua kutoka Dar es Salaam kuja kukagua.

"Shikamoo mzee! Tungepata wazalendo kumi kama wewe!"

"Marahaba. Mlikuwa naye mmoja," baba alisema, "mkamwandikia barua."

Mkubwa akacheka, na wenzake wakacheka. Nikamwuliza kama anajua mtoto wa dada yangu kazikwa wapi. Akatazama saa yake, akaenda kupanda ndege.

Ilipopaa, nilimnyang'anya baba panga.

"Usiwafanyie tena!"

"Siwafanyii wao," alisema, akanyoosha mkono nimrudishie.

Nilimpa. Lakini mimi sijawasamehe.