Sikio la Kulia la Antena

Mdogo wangu wa kike alizaliwa na masikio mawili kama watu wote. La kushoto aliliua baba yetu mdogo kwa kofi moja, kisa kikombe. Tena kikombe chenyewe kilishavunjika mkono zamani. Mtoto akalala ameshika shavu, sikio likaanza kutoa usaha, Mama akawa anatia mafuta ya uvuguvugu, na baba mdogo kakaa mlangoni anachokonoa meno, anasema, "Sikio la kufa halisikii dawa." Akacheka peke yake. Mimi wakati ule nilikuwa na umri wa kubeba ndoo, si umri wa kumjibu mtu mzima. Lakini neno lile nililiweka moyoni, na siku tuliyomzika baba mdogo sikutoa chozi. Waliosema walisema, shauri yao.

Tangu kofi lile mtoto akawa anageuza kichwa. Ukimwita, anazungusha shingo taratibu mpaka sikio la kulia likukute, ndipo anaitika. Watoto wa mtaani wakampa jina la Antena, eti anatafuta stesheni. Jina likamganda mpaka Mama naye akalizoea. Na hilo sikio lililobaki, jamani, halikuwa sikio, lilikuwa mali. Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu naifanyia sebuleni. Antena alikuwa anaweza kuniambia kutoka chumba cha pili, "Dada, sindano yako inaanza kupinda." Naichomoa, naiangalia, kweli imepinda.

Alipomaliza shule akajishikiza kwa fundi simu sokoni, akajifunza kuchomelea nyaya nyembamba kama nywele. Simu ikiletwa haina sauti, anaitia sikioni, anaigonga na ukucha, anasema ugonjwa. Akapenda kazi ile kupita kiasi. Siku moja akarudi nyumbani mbio, viatu mkononi: jeshi linachukua vijana wa kitengo cha mawasiliano, wanaojua simu.

"Wewe una wazimu," nikamwambia. "Umepigwa kofi na mtu mwenye ndala ukapoteza sikio. Sasa unawafuata wenye buti?"

"Dada, kule kazi ni kuvaa hedifoni. Sikio moja linatosha."

"Na hilo moja likiharibika?"

"Litaharibikaje? Si nitakuwa nimekaa kwenye kiti?"

Mama akasema mwacheni mtoto, kila mtu na riziki yake. Nikaacha. Ila nilimshika lile sikio la kulia, nikalivuta kidogo, nikamwambia, "Hili ndilo ulilonalo. Ukilipoteza hili, sisi wote tutakuwa tumekufa kwako, maana hutatusikia tena." Akaniambia, "Dada na wewe, maneno yako!" Tukacheka.

Antena alimshinda daktari wa jeshi kwa ujanja wa kitoto. Daktari anasimama nyuma yako, anakwambia ziba sikio moja, ananong'ona neno, wewe unalirudia. Alipoambiwa azibe la kulia, Antena akaweka kiganja kama anaziba, kumbe kakikunja kidogo, upenyo umebaki. Neno likapita. Daktari alikuwa na foleni hadi nje, akapiga muhuri. Akaingia jeshini.

Ya kambini nimesimuliwa na Antena mwenyewe, na mengine na mwenzake waliyelala naye kitanda cha juu na cha chini, msichana mmoja wanamwita Kibonge. Yule alikuja kwetu, akakaa kwenye kochi, akalia kwanza ndipo akasema.

Miezi ya mwanzo ilikuwa buti na vumbi. Halafu wakaanza kazi yenyewe. Kubeba roli la waya mgongoni na kukimbia nalo huku waya unakunjuka nyuma. Kupanda nguzo kwa mkanda wa kiunoni. Kumenya waya kwa meno, maana Sajini wao alisema vitani hakuna koleo, na midomo yao ikawa na vidonda. Kukaa kwenye swichibodi na kuunganisha watu wasioonana. Na kupokea ujumbe laini ikiwa mbovu, inakwaruza, sauti inakuja vipande vipande. Hapo ndipo Antena aliwaacha wenzake wote nyuma. Wao wanabonyeza hedifoni na kukunja uso, yeye anaandika tu. Mtu angekohoa upande wa pili wa laini, yeye anajua nani kakohoa.

Mwisho wa mafunzo, wa kwanza darasani alikuwa anapewa kiti kwenye swichibodi ya makao makuu. Kiti kimoja tu. Wa pili alikuwa mpwa wa Sajini, binti wa dada yake. Sasa mshamwelewa Sajini? Mimi nilimwelewa hata kabla sijamwona.

Mtu mrefu, nadhifu, mpole wa sauti. Hakuwa mpiga kelele. Antena alipopata alama za juu mara ya kwanza, Sajini alimwinamia akamwambia kwa upole, "Sikio halipiti kichwa, kuruta. Kumbuka hilo."

"Ndiyo afande," akajibu, na akafurahi, akidhani anashauriwa. Mjinga wangu mimi.

Siku moja Antena yuko juu ya nguzo, Sajini akaja chini upande wa kushoto, akamwamuru ashuke. Kimya. Akaamuru tena. Kimya. Mdogo wangu yuko juu anafunga waya na kuimba kidogokidogo. Aliposhuka alipewa roli la waya akazungushwa uwanja mpaka akatapika, kwa kosa la kiburi. Haya, hiyo ni adhabu, jeshini ipo. Lakini kesho yake Sajini alipita nyuma ya benchi walipokuwa wanafungua simu, akainama kwenye bega la kushoto la Antena, akanong'ona, "Kwenu nyumba inaungua." Antena akaendelea kukaza skrubu. Kibonge alikaa benchi lile lile, alisikia kila neno. Akamwona Sajini ananyooka, anatabasamu, anaenda zake.

Sajini alishajua, na hakumripoti. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Angemripoti siku ile, mdogo wangu angefukuzwa, angerudi kwetu analia na sikio lake likiwa salama kichwani. Hata ubaya wa kawaida alimnyima.

Sasa wana desturi yao watu wale, inaitwa kuonja waya. Kuna simu ya uwanjani ya zamani, sanduku la kijani lenye mkono wa kuzungusha pembeni. Ukizungusha, unatoka umeme unaokwenda kupiga kengele upande wa pili. Lakini ukizungusha wakati mwenzako ana simu sikioni, na laini wameifunga wanavyojua wao, umeme ule unaingia kwenye spika ya sikioni na kupasuka humo kama risasi ndani ya bati. Kwa hiyo siku ya mwisho ya mafunzo kila kuruta anakaa kwenye kiti, anatia simu sikioni, mwenzake upande wa pili anazungusha kidogo tu, robo ya mzunguko. Unaruka, unapiga yowe, wanakucheka, wanakupiga mgongoni, basi, umekuwa mtu wa mawasiliano. Eti ni kukufundisha usije ukazungusha mkono bila kujua mwenzako kashika nini. Maarifa gani hayo ya kumpasua mtu? Lakini wao wanaipenda.

Kibonge alipiga yowe. Mpwa wa Sajini alipiga yowe mpaka kofia ikadondoka. Antena akakaa kwenye kiti na akili yake kichwani. Akafikiri: nina sikio bovu la bure, na leo lina kazi. Akatia simu sikio la kushoto. Akatulia.

Wakazungusha.

Na hapo ndipo alipojimaliza mwenyewe, masikini. Alisahau kupiga yowe. Watu wote wamevuta pumzi wanamsubiri, yeye kakaa anawatazama kwa tabasamu, kama mtu anayesubiri chai. Hakushtuka hata kope. Wenzake wakashangilia, "Chuma! Huyu chuma!" Naye akaanza kucheka nao, kachelewa.

Sajini akanyanyua mkono, wakanyamaza. Akaja akasimama mbele yake, ili amsikie vizuri.

"Kuruta, waya haujakuonja. Badilisha sikio."

Kibonge anasema Antena alibadilika rangi. Akasema, "Afande, si nimeshaonja?"

"Una sababu ya kutobadilisha? Kama una sababu iseme. Mbele ya wote. Daktari yuko pale ofisini, tutamwita."

Fikirini. Akisema, kiti kimekwenda, kombati inavuliwa, na muhuri wa daktari unakuwa kesi. Asiposema, kuna robo ya mzunguko tu, wenzake wote wameonja na wanasikia hadi sasa. Mfa maji haachi kutapatapa. Akajiambia robo ya mzunguko si kitu. Akahamisha simu mkono wa kulia, akaiweka sikioni, akafumba macho.

Sajini akaenda mwenyewe kwenye sanduku. Akamwondoa kijana aliyekuwa anazungusha. Akaushika ule mkono akauzungusha kwa nguvu zake zote, tena, na tena, kama mtu anayechota maji kisimani, na hakuacha mpaka Antena alipokuwa chini.

Safari hii yowe alilipiga. Yeye mwenyewe hakulisikia.

Walicheka, wengine. Kibonge anasema hata yeye alicheka mwanzoni, kwa mazoea. Kisha wakaona tone la damu kwenye kola. Sajini akasema, "Mlio utaisha. Wote huwaishia," akafuta mikono kwa leso yake safi. Na alama hazikubadilishwa. Alimpa kiti chake. Enhe, alimpa! Alijua hana haja ya kukinyang'anya.

Antena akamwambia Kibonge kwa kuandika na kidole kwenye vumbi la dirisha: ni mlio tu, utaisha, usimwambie mtu. Ulikuwa unalia humo kichwani kama birika. Kwenye gwaride Kibonge alimgusa kiwiko kila amri ilipotoka. Akasoma midomo. Usiku akijitia kidole sikioni. Akaomba Mungu. Mlio ukapungua kweli, siku kwa siku, na nyuma yake hakukuwa na kitu.

Kiti kile alikikalia nusu siku. Daktari yule yule akampima, akaandika kwamba masikio yalikuwa mabovu kabla hajaingia, kwa hiyo jeshi halidaiwi chochote na yeye ashukuru hashitakiwi. Mpwa akakaa kwenye kiti, yupo hadi leo. Sajini kaongezwa cheo. Msiniulize Mungu yuko wapi, nami naulizia.

Lakini nimekimbilia mbele. Kabla ya daktari ilikuja simu.

Kwenye swichibodi ile mtu mpya simu yake ya kwanza ya nje hupiga kwao, kujaribu laini. Ilikuwa asubuhi, niko kwenye cherehani, Mama anaosha vyombo kwenye beseni pale pale miguuni pangu. Sisi hatujui lolote. Namba ngeni. Nikapokea, nikaweka sauti kubwa.

"Haloo, Mama! Dada! Ni mimi Antena! Niko kwenye kiti changu!"

Mama akapiga kigelegele na mikono ya sabuni. "Mwanangu! Umekula? Wanakulisha vizuri?"

"Hapa mbele yangu kuna taa tele," Antena akasema. "Yenu imewaka kijani, ndiyo nimejua mmepokea."

"Afande, mbona unaongea kama unasoma taarifa ya habari?" nikamtania.

"Eeh. Sawa, dada. Asante sana."

Nikatoa mguu kwenye pedeli. Mama anaendelea kumweleza habari za magoti yake, na Antena anasema "Eeh, Mama," "Ndiyo, Mama," kila mara katikati ya neno la Mama, si mwisho wake. Anatuachia nafasi ya kusema, anakadiria, anajibu. Nikaweka kidole mdomoni, nikamwonyesha Mama anyamaze. Akanyamaza, sahani mkononi.

Tukakaa kimya. Kwenye simu laini inakwaruza kidogo, basi. Naye kule akatusubiri, kwa adabu, kadiri alivyoona panatosha.

Kisha akacheka. "Eeh, nimewasikia! Nawapata vizuri kabisa. Mama, sasa usilie basi."

Mama hakuwa analia. Alikuwa ananitazama mimi.

Nikamwita. Nikamwita kwa jina alilopewa na Baba, ambalo hatulitumii, kwa sauti yote niliyojaliwa, mpaka majirani wakatoka nje. "Toka kwenye kiti hicho! Rudi nyumbani! Mdogo wangu, unanisikia?"

"Haya, kwaherini," akasema Antena kwa furaha. "Taa ya mkuu imewaka. Ngoja nimpokee."