Jogoo wa Boma la Mzee Ouma

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa Mifugo wa Wilaya hakuniuliza nimesoma nini. Aliniuliza kama ninaweza kuendesha baiskeli nikiwa nimevaa sketi. Nikasema ninaweza. Akanipa baiskeli isiyo na breki ya nyuma, buti za mpira za mwanaume, na chupa ya chai ambayo haikuwa ya chai. Humo tulitia barafu na chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku wa kijiji kizima kwa siku chache. Hivyo ndivyo nilivyoanza, pale Suna, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Tangu siku hiyo watu waliniita Daktari. Nilikuwa msaidizi wa mifugo tu, na mgongo wangu wa leo unalijua hilo vizuri.

Nyinyi vijana mnatumiana picha za kinyesi cha kuku kwenye simu na kujibiwa papo hapo. Sisi tulikwenda kukitazama wenyewe. Nilifundisha kutia chanjo tone moja jichoni, na wafugaji wakanifundisha kuku wao: kishingo, ambaye hana manyoya shingoni, na yule wa manyoya yaliyojikunja, ambaye huonekana ametoka kugombana. Ofisini wote tuliwaita kienyeji, tena kwa dharau.

Baadaye nilihamishiwa Kosele. Huko kulikuwa na kikundi cha akina mama wafugaji kilichokutana Jumapili mchana, kwa kuwa Wasabato walishamaliza Sabato yao na Wakatoliki walishatoka misa. Ajenda ilikuwepo, lakini nusu ya kikao ilikuwa ni kusifia kuku.

"Yangu nyeusi imekalia mayai kumi na tatu, ikatoa vifaranga kumi na mbili," alisema Mama Awino, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo.

"Hiyo ni kuku ama ni mashine?" akauliza jirani yake, Nyar Gem.

"Ni kuku. Lakini ukiikaribia, utarudi na jicho moja."

Nilipenda kazi yangu siku hizo. Nasema hivyo ili mjue kwamba uchovu huu sikuzaliwa nao.

Kisha ukaja mpango wa majogoo. Mfugaji alitoa jogoo wake wa kienyeji, nasi tukampa jogoo mwekundu wa kisasa, ili apande makoo ya kienyeji na vifaranga wawe wakubwa. Sharti lilikuwa jogoo wa zamani aondoke kabisa, maana akibaki atawahi kupanda yeye. Mkubwa wangu alinitazama juu ya miwani. "Sitaki kusikia kienyeji hata mmoja akiwika hapo. Boma moja likikataa, majogoo yote yanaenda lokesheni nyingine."

Amri hiyo iliniumiza kichwa. Maboma yote yalikubali isipokuwa moja, la Mama Awino. Mume wake, Mzee Ouma, alikuwa amepooza upande mmoja, akishinda kwenye kiti mlangoni.

"Hiyo maneno nakataa, Daktari," Mama Awino aliniambia. "Mzee bado ako. Wewe ni nyarwa, binti wa hapa. Unajua."

Nilijua. Kwetu mwanaume akihamia boma jipya, huingia na jogoo. Siku akifa, jogoo wa boma huchinjwa, ndugu zake wakamla, kuonyesha kwamba mwenye boma ameondoka. Kumtoa jogoo huyo mwenyewe akiwa hai ni kutangaza kifo chake. Afisa wa kutoka mbali angesamehewa. Mimi nilikulia humo.

Lakini akina mama wenzake walikuwa wakimnunia, na mimi nilimwogopa mkubwa wangu. Mama Awino akaomba amfungie jogoo peke yake kwenye kibanda, asikaribie makoo. Nikamjibu, "Mama, huyu ni kuku tu." Nikamkamata mwenyewe. Mzee Ouma alinitazama nikimfunga miguu. Maneno yalimtoka kwa shida tangu augue, lakini haya niliyasikia.

"Nyathina, mwanangu. Mimi niko hai, ama?"

Nilimning'iniza jogoo kwenye usukani wa baiskeli nikapita naye sokoni mchana kweupe, kila mtu akiona. Ofisini majogoo waliokusanywa walipikwa jioni hiyohiyo, kwa kuwa kulikuwa na ukaguzi, tukala sote na ugali.

Kesho yake dada yake Mzee Ouma, aliyeolewa ng'ambo ya pili ya soko, aliingia lile boma akipiga mayowe, kanga kichwani, akimlilia kaka yake kwa jina. Alikuwa amesikia jogoo katolewa. Kaka yake alikuwa kwenye kiti, akinywa uji. Nyar Gem ndiye aliyenisimulia. Alisema mzee alisikiliza kilio chake mwenyewe mpaka mwisho, kisha akaomba arudishwe ndani. Hakukaa tena mlangoni.

Jogoo mwekundu tuliyewaachia alikufa kwa kideri kabla ya mwaka kwisha. Mimi nilihamishiwa Ogwedhi, kwa wafugaji wa ng'ombe waliocheka kumwona mtu mzima akifuata kuku. Huko ndiko nilikopata habari kwamba Mzee Ouma amefariki. Sikwenda kuzika. Nilisema kazi ni nyingi. Ilikuwa kidogo sana.

Nilimalizia kazi Homa Bay mjini, mezani, nikijaza fomu. Waliponiaga nikistaafu walinisifu kwa utiifu, nikaona aibu. Wiki iliyofuata nilikwenda Kosele. Mama Awino amezeeka, lakini kuku bado anao. Tulizungumza kuhusu makoo na mayai kwa muda mrefu, nikitafuta pa kuanzia. Yeye ndiye aliyeanza.

"Tulipomzika mzee, ndugu zake waliuliza jogoo wa boma. Yule mlimpeleka wapi?"

"Tulimla, mama. Ofisini."

"Wewe pia ulikula?"

"Nilikula."

Alitazama kuku wake wakiparua.

"Basi nyinyi ndio mlifanya matanga yake," akasema. "Na yeye akiwa hapo mlangoni, anawangojea mumsalimie."